Uzi maalum: Padri John Kaiser, miaka 36 ya kazi Kenya na sisi tunaikumbuka asubuhi moja tu, ile ya kifo chake Morendat

#1
Wakuu habari za jioni. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu sana, leo nimeona niliandike lote, atakayechoka apumzike kisha arudi, uzi ni mrefu.

Mimi ni mtu wa Tarime, biashara yangu mahindi. Kuna miaka nilikuwa navuka mpaka wa Sirari naenda kununua Kenya, upande wa Transmara, Kilgoris mpaka Lolgorian huko ndani. Safari moja lori likatufia Lolgorian, kusubiri spea siku mbili, na Jumapili ikanikutia palepale. Mimi Mkatoliki wa kuzaliwa, nikaenda misa. Tulipotoka mzee mmoja akanisalimia, akaniuliza mgeni umetoka wapi, nikamwambia Tanzania, akasema basi njoo nikuonyeshe mtu wetu kabla hujaondoka. Akanipeleka kwenye kaburi. Padri John Anthony Kaiser, wa shirika la Mill Hill. Mzee akafanya ishara ya msalaba, akainama akaokota majani makavu yaliyoanguka pale juu, akayaweka pembeni, akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Mpaka tunaachana hakunitajia hata neno moja alikufaje.

Nilivyorudi nyumbani nikaanza kutafuta habari za huyu padri, na kila nilichopata kinaanzia kwenye kifo. Bunduki, gari mtaroni, FBI (wapelelezi wa Marekani), nani alimuua. Sawa, hayo ni mambo makubwa na nitayagusa, ila yule mzee wa Lolgorian alinionyesha kitu kingine kabisa. Huyu mtu alikuwa paroko. Alibatiza, alisikiliza maungamo, alizika watu, alipigilia misumari kwenye paa la kanisa, miaka thelathini na sita. Nataka tuanzie hapo.

Kaiser alizaliwa Novemba 29, 1932 huko Minnesota, Marekani, watu wa shamba. Kabla ya upadri alipita jeshini miaka ya hamsini mwanzoni, askari wa miavuli, wale wanaoruka kutoka kwenye ndege. Kwahiyo aliyekuja Afrika alikuwa mtu mzima aliyekomaa, anajua kutumia mikono, anajua bunduki, anajua kukaa na njaa. Akajiunga na Mill Hill, shirika lililoanzia London mwaka 1866 kwa ajili ya umisionari tu. Wale wanaapa kiapo cha umisionari maisha yao yote, ukipangiwa mahali ndiyo kwenu. Akapewa daraja la upadri 1964, na mwaka huohuo akaletwa Kenya. Kenya yenyewe ina mwaka mmoja tu wa uhuru.

Akapelekwa jimbo la Kisii. Ntaendelea, ngoja nile kwanza.

#2
Naweka kambi hapa. Mkuu usituache njiani kama wale wa "itaendelea" halafu mtu haonekani miezi mitatu.

#3
Nimerudi.

Kisii wanaoijua wanajua. Vilima, mvua karibu mwaka mzima, migomba na chai, watu wamebanana hakuna kipande cha ardhi kisicholimwa. Jimbo lenyewe lilikuwa changa, liliundwa 1960 kwa kumegwa kutoka Kisumu. Na huo mwaka 1964 Mtaguso wa pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulikuwa bado haujaisha, misa ndiyo inaanza kutoka kwenye Kilatini kuja kwenye lugha za watu. Fikiria kijana wa Minnesota anafika kwenye vilima vile, anatakiwa ajifunze Ekigusii, na siyo kile cha kusalimia sokoni. Ajifunze mpaka mama mzee aweze kuungama kwake na akamwelewa. Mimi lugha za kibantu nimezaliwa nazo na Ekigusii bado kinanipiga chenga, japo sisi Wakuria ni majirani zao wa damu kabisa.

Akakaa Kisii karibu miaka thelathini. Hiki kipande ndicho watu wanakiruka kwa sentensi moja, "alihudumu Kisii kisha akahamia Ngong", kwisha. Jamani miaka thelathini! Mtoto uliyembatiza anakuwa baba, unafungisha ndoa yake, unabatiza na watoto wake. Waliokulia kwenye parokia za vijijini wanajua kazi ya padri ilivyo kule. Makao makuu ya parokia ni kanisa moja, ila chini yake kuna vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini, kumi, kumi na tano, vingine mbali, barabara ya udongo mwekundu ikinyesha pikipiki inateleza kama sabuni. Jumapili anasoma misa mbili tatu mahali tofauti. Katikati ya wiki mgonjwa anahitaji mpako wa wagonjwa, katekista kagombana na kamati ya ujenzi, kuna ndoa zimekwama kwasababu ya mahari, darasa la kipaimara halijakamilika, halafu mtu anagonga mlango saa nane usiku mke wake kashikwa na uchungu na gari pekee kijijini ni la padri. Hayo hakuna gazeti linayaandika.

Na Kaiser inajulikana alikuwa mtu wa kazi za mikono. Makanisa alijenga mwenyewe akishirikiana na waumini, na alikuwa mwindaji tangu kwao, anawinda nyama watu wanakula. Ile bunduki iliyokuja kukutwa kwenye maiti yake ilikuwa yake mwenyewe, ndiyo maana nasema ukiijua stori kuanzia mwisho huielewi, inabidi ujue kwamba bunduki ilikuwa sehemu ya maisha yake ya kawaida kama pikipiki.

#4
Mtoa mada, babu yangu alikuwa katekista upande wa Musoma na hayo ya pikipiki na saa nane usiku umeyapatia mno. Mapadri wa zamani wengine walikuwa wanakufa hatuwajui hata jina la ukoo, tunajua tu "Padri mrefu". Endelea mkuu.

#5
Swali la nia njema: kwanini ahame Kisii baada ya miaka yote hiyo? Naona umepita haraka hapo.

#6
Mkuu #5 ni kweli nimepita haraka. Kuna maelezo kwamba yeye na uongozi wa jimbo hawakuwa wakielewana kwa baadhi ya mambo, sitaki kuingia humo maana ya ndani ya kanisa yana pande mbili na wenyewe wengi wametangulia mbele za haki. Ninachokishika ni kwamba 1993 alihamia jimbo la Ngong, kwa Askofu Colin Davies, ambaye naye alikuwa Mill Hill. Ngong ndilo jimbo linaloshika Umasaini wa Kenya, Kajiado na Narok. Kaiser wakati huo ana miaka sitini. Umri ambao mtu anaomba apewe parokia yenye lami, hospitali karibu na umeme usiokatika. Yeye akaenda kuanza upya, kabila lingine, lugha nyingine.

Na 1993 Umasaini hapakuwa salama.

Kwa wadogo zangu humu ambao mlikuwa hamjazaliwa, Kenya ilirudi vyama vingi mwishoni mwa 1991, uchaguzi 1992, na kuanzia hapo Bonde la Ufa likawaka. Wakaita vita vya kikabila, ila vilifuata siasa, watu wa makabila yaliyoonekana ni ya upinzani wakafukuzwa kwenye mashamba waliyonunua na kukaa miaka mingi. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilikadiria mwaka 1993 kwamba waliokufa ni kama 1,500 na waliokimbia makazi ni kama 300,000. Oktoba 1993 ikafika zamu ya Enoosupukia, kule juu Narok, wakulima wengi Wakikuyu. Sababu iliyosemwa hadharani ilikuwa kulinda chanzo cha maji. Watu wakauawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakateremka na vilivyokuwa mwilini mpaka Maela, upande wa Naivasha. Pakawa kambi. Nailoni juu ya fito, mvua, baridi ya Bonde la Ufa, watoto wanaharisha.

Huko ndiko Kaiser alipelekwa akae nao.

Hapa naomba tuelewane vizuri. Wengi wanasema "Kaiser aliingia siasa". Mimi nikisoma naona mtu alikuwa anafanya kilekile alichofanya Kisii, kukaa na watu, kubatiza, kuzika, kutafuta unga. Tofauti ni kwamba safari hii aliokuwa anakaa nao kuna wakubwa hawakutaka waonekane. Sasa padri atafanyaje, azike halafu akiulizwa nini kimeua ajifanye hajui?

#7
Mimi ni Mkenya, nimekulia Nakuru. Hiyo ya Maela nakumbuka tukiwa watoto, kanisani tulikuwa tunachanga blanketi na nguo. Krismasi ya 1994 ndio ile walibebwa usiku. Mtoa mada isimulie vizuri usiiruke tafadhali, watu wengi hata huku kwetu wameisahau.

#8
Asante ndugu yangu wa Nakuru, nilikuwa naelekea hapohapo.

Mkesha wa Krismasi, Desemba 24, 1994. Usiku malori ya serikali yanaingia Maela, watu kama 2,000 wanapakizwa, wanaambiwa wanapelekwa kwenye ardhi. Wakaja kumwagwa mkoa wa Kati, kwenye uwanja wa michezo wa Kirigiti kule Kiambu na sehemu za Nyandarua, eti ndiko "asili yao", wakati kuna waliozaliwa na kukulia Narok. Na wakati huo UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wanaendesha na serikali mradi wa kuwarudisha wakimbizi wa ndani makwao, na hata wao walikuja kulalamika. Kaiser alikuwepo Maela. Akagoma kuondoka, akataka abaki na watu wake, askari wakamtoa kwa nguvu. Padri wa miaka sitini na mbili anaburuzwa usiku wa kuzaliwa Bwana, na kanisani kwingine kote watu wanaimba Gloria.

Nimekuwa nawaza sana huo usiku. Mimi nilikuwa Tarime mdogo, nimevaa shati jipya, tunasubiri misa ya usiku. Umbali kutoka kwetu siyo mkubwa kihivyo.

Baada ya hapo akapelekwa Lolgorian kuwa paroko. Kule ni mwisho wa Transmara, ukienda mbele kidogo unaanza kuona wanyama wa Mara, huku nyuma ni Wakuria. Na kati yetu na Wamasai mnajua historia ya ng'ombe ilivyo, sina haja ya kueleza. Akaanza upya mara ya tatu.

#9
Na ile tume? Maana nasikia alisimama mahakamani akataja majina.

#10
Ndiyo, Tume ya Akiwumi. Iliundwa Julai 1998, mwenyekiti Jaji Akilano Akiwumi, kazi yake kuchunguza hayo mapigano tangu 1991. Kaiser akatoa ushahidi mwanzoni mwa 1999, akataja wakubwa wa serikali, mawaziri wakiwemo. Siku hizo kutaja jina la waziri hadharani Kenya siyo kama leo mtu anaandika tu mtandaoni halafu analala. Waliokuwa wakimya hawakuwa waoga wote, wengine walikuwa na watoto. Kaiser hakuwa na mke wala mtoto, na nadhani alilijua hilo, kwamba useja wake ulikuwa unamruhusu kusema kitu ambacho mwenye familia asingekithubutu. Hayo ni mawazo yangu mimi, msije mkayanukuu kama maneno yake.

Ripoti ya tume serikali ilikaa nayo mpaka Oktoba 2002 ndiyo ikatolewa.

Mwaka huohuo wa 1999 mwishoni, kibali chake cha kazi kikakataliwa. Miaka thelathini na tano yuko Kenya, wanamwambia ondoka. Akajificha, maaskofu wakaingilia, ubalozi wa Marekani ukaingilia, mwisho kikatolewa. Machi 2000 Chama cha Mawakili wa Kenya wakampa tuzo ya haki za binadamu. Na mwaka huo alikuwa amewasaidia wasichana wawili wa Transmara waliodai kudhulumiwa kingono na kigogo mmoja, akawafikisha kwa wanasheria wanawake wa FIDA. Kigogo alikana, na kesi haikufika mwisho, kwahiyo jina sitaji. Ila muone tena: msichana wa parokia yako anakuja analia, wewe ni paroko, hii nayo ni siasa?

#11
Mtoa mada mimi siyo Mkatoliki ila nimekusoma neno kwa neno. Unanikumbusha Askofu Alexander Muge wa Anglikana, Eldoret, alikuwa anasema wazi kuhusu ardhi na ufisadi, akatishwa hadharani asikanyage Busia, akaenda, na akafa kwenye ajali ya barabara akiwa anarudi, Agosti 1990. Agosti naye, kama Kaiser. Viongozi wa dini wa kipindi kile walilipa gharama.

#12
Tuje kwenye mwisho sasa. Mimi nimesoma ripoti ya FBI wanasema alijiua, alikuwa na historia ya kuugua kiakili. Mbona hamsemi hilo? Tusifiche upande mmoja.

#13
Mkuu #12 swali lako ni halali na sikimbii.

Asubuhi ya Agosti 24, 2000 mwili wake ulikutwa Morendat, pale njia panda barabara ya Naivasha kwenda Nakuru. Gari lake liko mtaroni, bunduki pembeni yake, jeraha la risasi nyuma ya kichwa. Alikuwa na miaka 67. FBI waliitwa kusaidia uchunguzi na 2001 wakatoa ripoti inayosema alijiua, wakaegemea sana hali yake ya akili. Maaskofu wa Kenya wakaikataa, na waliomjua wakaikataa.

Baada ya serikali kubadilika uchunguzi wa mahakama ukafunguliwa 2003. Ukachukua miaka minne, mashahidi wengi wakasikilizwa, na Agosti 1, 2007 Hakimu Maureen Odero akatoa uamuzi kwamba Kaiser aliuawa, hakujiua, na akataka uchunguzi uendelee kuwatafuta waliohusika. Huo ndio uamuzi wa mahakama uliopo. Mpaka naandika hapa hakuna aliyehukumiwa.

Sasa kuhusu ugonjwa. Ni kweli alikuwa na vipindi vya kuugua huko nyuma, na mimi sioni aibu kulisema. Kuna watu wanadhani ukikubali padri aliwahi kuugua akili basi umemvua utakatifu. Mimi naona kinyume chake. Mtu anabeba mizigo ya wenzake miaka thelathini na sita, anazika watoto wa Maela, anaburuzwa, anatishiwa, unataka asichoke? Alichoka na akaendelea. Ila kuugua zamani siyo ushahidi wa nani alishika bunduki usiku ule, na mahakama iliyosikiliza mashahidi wana kwa wana ilikataa hoja hiyo.

#14
Hapo umenijibu kwa heshima, nashukuru. Nilikuwa sijui kuhusu uamuzi wa 2007, huku habari iliyofika ni ile ya FBI tu.

#15
Ndiyo hivyo mkuu, ya kwanza huwa inasambaa, ya pili inafika imechoka.

Naomba niseme na hili maana ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Pale Morendat nimepita mara kadhaa, nikitokea Nairobi kwenda Nakuru, na kila nikipita mtu kwenye gari anasema "hapa ndipo walimuua yule padri mzungu". Hapo stori inaisha, wanarudi kwenye mambo ya bei ya mafuta. Sijawahi kusikia abiria anasema "yule paroko wa Lolgorian", au "yule aliyekaa Kisii miaka thelathini". Na mwili wake haukurudishwa Minnesota, wala hakuzikwa Nairobi kwenye makaburi ya wakubwa. Amelazwa Lolgorian, kwa watu aliokaa nao miaka yake ya mwisho. Kwetu sisi mtu anazikwa kwao. Wamasai wale ambao zamani hata kaburi la kuchimba hawakuwa nalo kama sisi, wamemweka padri wa Minnesota kwenye udongo wao na kuna mzee anaokota majani.

Mapadri wetu wa sasa wengi wanafanya kazi hiyohiyo kimya kimya. Paroko wetu pale kwetu yuko mwaka wa ishirini na kitu wa upadri, kisukari kinamsumbua, gari bovu, na juzi nimesikia watu wanalalamika mahubiri yake marefu. Nikakumbuka kaburi la Lolgorian, nikaenda nikamuuliza kama vigango vya mlimani nani anampeleka. Akasema anaenda mwenyewe. Sasa Jumapili ya pili ya mwezi nampeleka mimi na pikapu yangu.

#16
Mkuu umeniliza. Mimi niko Isebania, nataka kwenda kuliona hilo kaburi, Agosti hii nikiweza. Napitia wapi? Ni mahali pa kufika siku moja nikarudi?

#17
Ndugu yangu wa Isebania, pitia Kilgoris ndiyo njia ninayoijua mimi kwa uhakika, ukifika Lolgorian uliza misheni, mtoto yeyote atakuonyesha. Toka alfajiri sana. Kama ni kipindi cha mvua usiende na gari dogo. Na ukifika usiingie tu na kupiga picha, pitia kwanza ofisi ya parokia usalimie, kisha uulize wazee waliobaki wanaomkumbuka. Wakianza kukusimulia kaa chini usikilize, mimi nilikuwa na haraka ya lori nikaondoka, na yule mzee sikumuuliza hata jina lake.